Jini Lililohesabu kwa Kizungu

Kwenye khitma ya Shangazi Mwajuma, kabla sijamaliza kuvua viatu, mwanamke nisiyemjua alimwambia mwenzake, wala hakujisumbua kushusha sauti: "Ndiye huyu. Yule mwenye jini la Kizungu." Mwenzake akanitazama kuanzia ushungi mpaka kucha za miguu, akitafuta dalili. Nikawaamkia shikamoo wote wawili, ingawa nadhani tulilingana umri, kwa sababu nilitaka waone kuwa jini lenyewe lina adabu. Nimeota mvi sasa. Nimefanya ufundi wa mitambo ya sauti Dar es Salaam maisha yangu yote ya utu uzima, nimeolewa, nimezaa, nimeachika, nimefundisha vijana ambao leo ni mafundi kunishinda, na bado nikishuka Bagamoyo mimi ni yule msichana aliyekuwa akifuga kitu kwenye stoo ya shangazi yake. Sikuwahi kuomba radhi kwa hilo na sitaanza uzeeni. Ila naona waliokuwepo wanakwisha mmoja mmoja, na wanaobaki wanasimulia wanavyotaka. Basi nausimulia mwaka ule mimi mwenyewe, niliyeuishi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na matokeo hayajatoka. Mume wa Shangazi alikuwa amefariki, na Shangazi alikuwa anakaa eda. Mwanamke wa eda hatoki, hajipambi, na lazima awepo mtu wa kwenda sokoni na kumwambia nani amepiga hodi. Mtu huyo nikawa mimi. Habari za kwetu, nani alikuwa wapi na kwa nini, si za hadithi hii. Nyumba ndiyo ninayotaka muione: ukumbi mrefu wenye mikeka, chumba cha Shangazi mkono wa kulia, na mkono wa kushoto stoo ya mkaa na nazi, yenye dirisha dogo linaloangalia uani kwa jirani zetu kina Riziki. Kuta za ndani hazikufika darini. Aliyekohoa jikoni aliombewa afya ukumbini, na mtu hakuweza kusengenywa katika nyumba ile bila mwenyewe kusikia kila neno. Asubuhi tulikunywa uji wa mchele wenye pilipili manga, mchana wali na changu wa kukaanga au muhogo wa nazi, na alasiri wanawake wa mtaani walikuja kumliwaza Shangazi, wakakaa mikekani na chai ya tangawizi, nami nikajifungia stoo. Walidhani nachambua mchele.

Stoo ndimo ilimokuwa kompyuta. Marehemu alikuwa na kibanda cha kuchapa barua karibu na stendi, na alipokufa kibanda kilifungwa, vitu vikaletwa nyumbani kwa mkokoteni. Printa ilikuwa imekufa kabla ya mwenyewe. Kompyuta ilikuwa nzima lakini bubu, maana zile za wakati ule hazikuwa na sauti mpaka ununue kifaa cha kuipa sauti ukichomeke ndani. Nilikwenda Dar kukiulizia. Muuzaji wa dukani alinisikiliza huku akifuta kioo cha kaunta, kisha akasema nimtume kaka yangu aje aulize vizuri. Nilimwambia kaka yangu hajui chochote. Akasema basi tungoje mpaka ajue. Nimekutana na watu wabaya zaidi ya yule tangu siku hiyo, lakini hakuna niliyemshukuru kama yeye, kwa sababu nilitoka pale dukani nimeshaamua kuwa kompyuta ile itasema, na itasema bila ya kitu chochote kutoka kwake.

Nilijua njia. Mwalimu wetu wa fizikia alituchorea siku moja ubaoni kitu alichokiita ngazi ya rezista, akasema hakimo kwenye mtihani, anayetaka anakili. Darasa zima liliweka kalamu chini, mimi nikanakili. Jambo lenyewe ni rahisi kuliko linavyosikika. Kompyuta haijui sauti, inajua namba. Nyuma yake, pale printa inapochomekwa, kuna nyaya nane za kutolea namba hizo, na kila waya ama una umeme au hauna. Kazi ya ngazi ni kuzichanganya, kama mtu anayepima tui: waya wa juu unatia kikombe kizima, unaofuata nusu kikombe, unaofuata robo, mpaka wa mwisho unatia tone tu. Zikichanganywa kwa kasi, namba zile zinakuwa wimbi moja linalopanda na kushuka, na wimbi hilo ukilipeleka kwenye redio linakuwa sauti ya mtu. Mwalimu huyo huyo alinipa diski ndogo yenye programu ya kufanyia kazi hiyo na sauti tatu za kujaribia. Akaniambia nikifaulu nimwandikie.

Rezista, vile vijipipa vidogo vya kupunguza umeme, nilizichomoa kwenye redio mbovu. Fundi wa redio wa sokoni aliniachia niokote nitakacho kwenye boksi lake la takataka, kwa masharti kwamba nisimuulize maswali. Nilitaka za aina moja tu, zenye mistari ya kahawia, nyeusi na chungwa, na palipohitajika yenye nguvu maradufu niliunganisha mbili. Nilikosa ubao wa kuzipanga. Katika stoo kulikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, ya marehemu bibi, chuma chake kimeng'oka siku nyingi na limebaki kalio la mti mgumu, limelainika kwa kukaliwa. Nilimwonyesha Shangazi. Akalipapasa pale katikati penye bonde. "Hii tumeikalia sote," akasema, "mimi na kaka zangu, tukingoja mama atupe machicha tuyanyonye." Nikamwambia haina tena chuma, Shangazi, haikuni. Akafikiri. "Chukua. Ila usiniharibie." Nikapigilia misumari midogo safu mbili, na kila msumari ukawa mahali pa kufungia miguu ya rezista.

Sasa ndipo yalipoanza yale yaliyonifuata mpaka leo. Kufunga tu hakutoshi, lazima uchomelee kwa risasi laini, na risasi niliyokwangua kwenye redio za zamani ilikuwa kavu, inaviringika na kuanguka kama tone la maji kwenye jani la mgomba. Madukani inauzwa ikiwa na utomvu ndani yake wa kuifanya ishike. Mimi utomvu sikuwa nao, lakini nyumba ya msiba nini kingine kimejaa humo kama si ubani. Kopo zima lilikuwa limebaki kutoka mazishini. Nikaponda chembe moja, nikaiweka juu ya msumari, nikagusa kwa chuma cha moto: ukayeyuka, ukachemka, na risasi ikatulia kimya mahali pake. Haukuwa mzuri kama wa dukani. Uliacha masizi na kunata vidoleni, lakini ulishika. Umeme ukikatika, na ulikatika, niliwasha mkaa kwenye chetezo nikapasha chuma changu humo. Kwa hiyo kila alasiri, wanawake wakiwa mikekani, mlango wa stoo umefungwa, moshi wa ubani ulipanda ukapita juu ya ukuta usiofika darini na kushuka ukumbini taratibu.

"Ubani huu mpaka lini?" nilimsikia mama yake Riziki siku moja. "Marehemu ameshazikwa, arobaini imepita."

"Pengine Mwajuma anamkumbuka mumewe," akasema mwingine.

"Mwajuma yuko hapa nasi. Ubani unatoka kule kwa mtoto."

Wote wakamgeukia Shangazi. Nilisikia kikombe kikiwekwa kwenye sahani. "Anaunga vyuma," akasema Shangazi.

"Kwa ubani?"

Hata mimi nilipomweleza, Shangazi alikuwa ameitikia kwa heshima tu. Kwetu ubani una kazi zake na watu wanazijua. Anafukiziwa maiti anapooshwa, unafukizwa kwenye maulidi, na unafukizwa anapoitwa mwingine, asiyeonekana. Maiti hayupo, maulidi hakuna. Watu wale hawakuwa wajinga, na ninawaambia vijana wangu wa Dar hivyo wanapocheka hadithi hii: walifuata harufu mpaka mahali ambapo harufu ile siku zote imewafikisha.

Jaribio la kwanza lilitoa mkwaruzo kama samaki kwenye mafuta. Nilikuwa nimeifunua redio kaseti ya marehemu, iliyokuwa imefunikwa kitambaa kwa sababu ya eda, nikaingiza nyaya zangu nyuma yake na kuweka sauti ya chini kabisa. Nilijua kosa liko kwenye ngazi lakini sikujua kwenye kidato kipi, nikawa nachomoa waya mmoja mmoja na kusikiliza. Kila waya ukitoka sauti inaharibika kwa namna yake, na ukishazoea unatambua kama unavyotambua nani anapita nje kwa mlio wa ndala zake. Waya mmoja nikiutoa hakikuharibika kitu, sauti ilikuwa mbaya vilevile. Nikaipima rezista yake kwa mita niliyoazima kwa fundi wa sokoni. Kumbe mstari nilioudhania chungwa ulikuwa mwekundu uliopauka, redio ile ilikaa dirishani miaka, jua na chumvi vimeila rangi. Tangu hapo sikuamini tena rangi, niliamini mita. Nikaweka nyingine, nikasafisha misumari kwa limau, nikapandisha sauti kidogo nisikie vizuri, nikabonyeza sauti ya kwanza katika zile tatu za mwalimu.

Ilikuwa ya mbwa. Mbwa akabweka ndani ya nyumba ya eda, alasiri, wanawake wakiwa na mkate wa kumimina mikononi.

"Kuna mbwa humu?" aliuliza mama yake Riziki.

"Hakuna mbwa," nikajibu kutoka stoo, na nilikuwa nasema kweli. Kwa furaha nikabonyeza ya pili. Mwanamke wa Kizungu akaanza kuhesabu, polepole, kwa sauti safi iliyokwenda mpaka ukumbini: wani, tuu, thrii. Alipofika teni ukumbi ulikuwa mtupu. Waliondoka kwa haraka kiasi kwamba mmoja alikwenda na makubadhi ya Shangazi akaacha yake, na hayakurudi mpaka eda ikaisha. Shangazi alikuwa amebaki peke yake mkekani, mkono kifuani. Nilitoka nikamkumbatia nikamwambia imesema, Shangazi, imesema. Akasema, "Mwanaidi, mwanangu, wameisikia."

Kufikia magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari, na habari zenyewe zilikuwa zimeshapata nyama. Mwanaidi ana jini. Ni la Kizungu, linatembea na mbwa. Na lile kuhesabu, wakasema, linahesabu watu wa mtaa watakaokwenda na marehemu. Watoto walikatazwa kupita chini ya dirisha letu. Rafiki yangu Riziki, tuliyesoma madrasa pamoja na kuibiana visheti, aliniuliza kupitia dirishani kama na yeye yumo kwenye hesabu. Nilicheka mpaka machozi. Sikujua bado uvumi ule utanigharimu nini.

Matokeo yalitoka, nikapata nafasi chuo cha ufundi Dar es Salaam. Wiki hiyo hiyo Baba Mdogo Athumani akaja kutoka shambani kwake Makurunge. Yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho nyumbani, bila yeye kusema ndiyo mimi siendi popote. Alikula muhogo wa nazi akamaliza, akanawa, akajipangusa vidole kimoja kimoja, ndipo akasema: "Hatoki mtu hapa akaenda Dar na vitu kichwani. Atapelekwa Miono kwa mganga Bi Chausiku apungwe, atolewe alichonacho. Akipona, tutaongea habari za chuo."

"Baba, chuo kinafunguliwa mwezi ujao. Mtu akipungwa Miono anakaa zaidi ya hapo."

"Chuo kitangoja."

"Hakingoji, Baba. Na mimi sina kitu cha kutolewa."

"Wenye navyo wote husema hivyo," akasema, tena bila ubaya, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mgonjwa. Hapo ndipo nilipoelewa nimekaa kwenye mtego wa namna gani. Nikikataa, ni jini linakataa. Nikilia, linalia. Nikinyamaza, limenifunga ulimi. Hakuna neno katika Kiswahili chote ambalo ningelisema likawa langu. Nimesikia watu wakisema hasira hupungua na umri. Yangu ya siku ile ninayo, haijapungua hata kijiko, na ndiyo iliyonipandisha ngazi nyingi ambazo wenzangu waliambiwa si za wanawake wakashuka.

Asubuhi yake Shangazi aliniita kwenye uji, akachungulia kwanza kama Baba Mdogo ameshatoka kwenda sokoni. Akasema ana njia. Jini likija kwa mtu, watu wa nyumba huliuliza linataka nini, na likitaja lazima lipewe, hata kama ni pete, hata kama ni safari. "Athumani hakusikilizi wewe," akasema, "ila jini atalisikiliza. Nitamwambia limenitokea likasema linataka Dar, linataka chuo, na kwamba likizuiwa litafanya vibaya. Wewe kaa kimya tu, ukiulizwa angalia chini."

Ilikuwa njia nzuri na ingefaulu, nililiona hilo hapo hapo. Nikaweka bakuli chini. "Nikienda hivyo, Shangazi, nani atakuwa amekwenda Dar? Mimi au lenyewe?"

"Utakuwa umekwenda. Kinachobaki ni maneno."

"Niliijenga mimi."

"Najua umeijenga wewe."

"Basi na wao wajue."

Akanijazia uji mwingine bila kuuliza kama nautaka. Niliuchukulia uji ule kuwa amekubali.

Gari la Miono lilipokuja nilikaa kwenye kizingiti cha stoo, miguu nimeinyoosha, nikasema anayetaka kunipandisha anibebe na mlango. Baba Mdogo hakuwa mtu wa kumnyanyua binti mzima mbele ya mtaa. Akakwenda mwenyewe, akarudi na Bi Chausiku, mwanamke mwembamba wa makamo, mkimya, mwenye kapu lililofungwa vizuri. Niliwaamkia, nikafungua mlango wa stoo wazi, nikawakaribisha wote: Baba Mdogo, Bi Chausiku, Shangazi, na Riziki aliyekuwa amejibanza mlango wa uani. Nikamwita Riziki aingie. Nikawaonyesha kompyuta, waya, mbuzi ya nazi na misumari yake, redio. Nikabonyeza. Mwanamke akahesabu mpaka kumi, safi kabisa. Baba Mdogo alikuwa anasoma dua kwa kunong'ona.

"Sasa," nikasema, "nachomoa waya huu wa juu." Nikauchomoa, nikabonyeza tena. Sauti ikatoka imekatikakatika, ya kukoroma, kama ya mtu aliyebanwa koo.

"Umeliumiza," akasema Baba Mdogo, akarudi nyuma hatua.

"Nimechomoa waya, Baba. Chomoa wewe mwenyewe uone. Chagua wowote."

Aliweka mikono yake nyuma. Alikuwa mtu aliyewahi kuua nguruwe pori kwa mkuki, na hakugusa. Nikamgeukia Riziki. Riziki alinitazama, akapiga bismillahi, akanyoosha vidole viwili akachomoa waya mwingine. Mwanamke wa Kizungu akasaga maneno. Riziki akaurudisha, na mimi nikaurudisha wa kwanza, na mwanamke akahesabu tena kama aliyepata usingizi mzuri. Riziki akatabasamu, akauchomoa tena bila kuambiwa. Niliwaza: nimeshinda. Bi Chausiku akasogea karibu. Aliinama, akanusa misumari, akakwangua kidogo kwa ukucha pale penye ubani ulioganda, akaomba maji ya kunywa. Kisha akamwambia Shangazi waingie chumbani wazungumze, na Baba Mdogo akaitwa baadaye.

Kesho yake Baba Mdogo alinikuta nafua. "Utakwenda chuo," akasema. "Lakini kile kidude hakitoki katika nyumba hii." Nilikubali, maana ngazi ile nilikuwa nayo kichwani na ningeweza kuijenga nyingine popote penye redio mbovu. Nikamwandikia mwalimu wangu kuwa imesema. Nikaenda Dar nikiwa nimenyoosha shingo, na tangu nilipoanza kufundisha mpaka mwezi uliopita, kila niliposimama mbele ya wanafunzi wapya, nilianza na hadithi hiyo: jinsi nilivyomshinda mzee wangu kwa waya mmoja.

Baada ya dua ya khitma, pilau imeliwa na sinia zimetolewa, Riziki alinivuta chumbani kwa Shangazi. Ni bibi wa wajukuu wengi sasa, mnene, anacheka kama zamani. Alifungua sanduku la Shangazi akatoa kitu kilichoviringishwa kitambaa cheupe, kikinukia marashi mpaka kikauma pua. Nilikijua kabla hajakifungua. Mbuzi ya bibi, misumari yangu, rezista zangu, mistari yake imefifia, miguu yake imeota kutu ya kijani kwa miaka ya kumwagiwa maji ya waridi.

"Kila mwaka," akasema Riziki, "Baba Mdogo alileta chupa ya marashi na kitambaa kipya. Hakukosa hata mwaka wa mafuriko. Ndivyo walivyopatana."

"Walipatana nini? Na nani?"

Riziki akaacha kucheka. "Mwanaidi, hukujua? Siku ile Bi Chausiku alimwambia shangazi yako humu chumbani kwamba hakuna mtu wala kitu, mtoto ni mzima, anaunga vyuma. Shangazi akamsihi asimwambie hivyo Baba Mdogo, maana hataamini. Wakamwita wakamwambia limekubali kutulia, ila linataka wewe uende chuo, na kiti chake, hii mbuzi, kibaki hapa kitunzwe. Nilikuwa nyuma ya ukuta. Ukuta huu unaujua." Kisha akaniambia, kama anayenipa habari njema, kwamba wanawake wamekuwa wakija miaka yote kukinyunyizia marashi mabinti zao wanapofanya mitihani, na wengi wamefaulu, na kwamba wangependa kikae pale pale.

Nilikaa kitandani. Nilimkasirikia maiti wa jana, nasema hivyo wazi, hata kabla kaburi lake halijakauka. Nilimwambia asinipeleke hivyo, akanijazia uji, akanipeleka hivyo hivyo. Alinipenda na akaniuza katika alasiri moja, na bei aliyopata ilikuwa maisha yangu yote. Najua mtasema, bila yeye ungebaki. Labda. Lakini nilisimama pale stoo nikasema kweli, nikaionyesha, ikaonekana kwa macho na kusikika kwa masikio, na aliyefunguliwa mlango ni jini. Riziki alinishika mkono. "Nilichomoa mimi," akasema taratibu. "Mimi nilijua. Sikusema tu." Nikamshukuru kwa hilo, na kweli nilishukuru.

Kisha nikakivua kile kitambaa cheupe, nikakiacha kitandani. Riziki akasema nikitaka kukichukua kidude changu nipitie uani, ukumbini kuna watu na barazani wamekaa wanaume. Nilipita ukumbini. Nimekibeba mikono miwili, wazi, kama mtu anayepeleka sinia. Wanawake walivuta miguu yao mikekani. Nikatoka mlango wa mbele mpaka barazani, ambako Baba Mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, haoni ila mwanga. Alinusa marashi kabla sijafika. Wanaume wakageuza vichwa.

"Limetoka?" akauliza.

"Halikuwahi kuingia, Baba. Shikamoo. Ni mimi Mwanaidi. Shika."

Nikamwekea mapajani, nikachukua mikono yake nikaiweka juu yake, yeye ambaye siku ile aliificha nyuma. Akagusa misumari, akairuka, akapapasa pembeni, kisha kiganja chake kikashuka kwenye lile bonde la katikati palipolainishwa na makalio ya watoto wa nyumba ile, na kikatulia. Akapapasa tena pale pale, polepole.

"Hii si mbuzi ya mama?"

"Ndiyo yenyewe."

Vidole vyake vikahesabu misumari yangu. "Na misumari hii, nani kaipiga?"

"Mimi, Baba."

"Umeiharibu," akasema.

Nilingoja mpaka wanaume wote barazani wawe wanasikiliza. "Ndiyo, Baba," nikamwambia. "Niliiharibu mimi."